Mpaka Rangi Ikauke

Watu husema namba haidanganyi. Upuuzi mtupu! Namba ndiyo mwongo mkubwa kuliko waongo wote, kwa sababu haina uso wa kuonea haya. Nasema haya mimi, Mwinyimvua, mtia namba wa Mji, niliyeshika brashi na ndoo ya rangi kwa miaka ambayo sina hakika nayo tena, maana miaka yenyewe imerekebishwa mara nyingi, na kila iliporekebishwa mimi ndiye niliyeyatia namba marekebisho hayo. Ukitaka kunilaumu, nilaumu. Lakini nisikilize kwanza, kwa kuwa hapa nilipoketi, kwenye baraza ya nyumba ambayo juzi ilikuwa yangu, sina kazi nyingine ila kusema.

Mji wetu haukujengwa kwa mawe, uliandikwa. Kipo chumba kirefu kisicho na dirisha ambamo mafundi huketi mbele ya mashine zao wakibofya vitufe kutwa nzima, na wanachokiandika wao ndicho tunachokiishi sisi. Wakiandika mvua, tunalowa. Wakisahau kivuli cha mti, mti husimama juani bila kivuli mpaka mtu aende kulalamika. Mji ni programu, na programu haitolewi mara moja ikaisha. Hutolewa, ikatumiwa, ikaonekana ina kasoro, ikatolewa tena. Kila toleo sharti liwe na namba yake, na namba hiyo huandikwa kwa rangi nyeusi kwenye ukuta unaouzunguka Mji. Rangi ikikauka, toleo limeanza, na hakuna wa kulirudisha.

Namba yenyewe ina vipande vitatu. Cha mwisho tunakiita kiraka: palikuwa na tundu, limezibwa, wewe endelea kunywa uji wako. Cha kati ni nyongeza: kipo kitu kipya, ukikitaka kitumie, usipokitaka kiache, vya zamani viko palepale. Cha kwanza ni mvunjo. Huo ukipanda, hata kwa moja tu, maana yake ni kwamba kipo kitu ulichokitegemea jana ambacho kesho utakiita na hakitakuitika. Ndiyo maana mvunjo ulikuwa na desturi zake. Baada ya rangi kukauka watu walipewa siku saba za kujiandaa. Katika siku hizo walifungana vitambaa mikononi, mke na mume, mama na mwana, hata jirani na jirani yake, ili toleo likiingia kila mtu awe ameshikamana na mwenziwe hata kama hamjui tena. Na aliyekalia kiti cha Mji aliinuka na kukiacha, kwa kuwa kiti kilikuwa cha toleo lililovunjika. Hayo nilifundishwa. Kuyaona kwa macho yangu sikuwahi.

Aliyenifundisha ni Bi Siwatu, mtia namba wa kabla yangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Siku yangu ya kwanza nilimletea orodha ya mabadiliko kutoka kwa mafundi nikamwambia, kwa majivuno ya ujana, kwamba nimeipima na ni kiraka, kwani mafundi wenyewe wamebadilisha mstari mmoja tu. Alinitazama kama mtu anayetazama ugali uliomwagiwa maji. "Wewe unapima kazi ya fundi," akasema. "Nani kakutuma upime kazi ya fundi? Fundi anaweza kuandika mistari elfu na asiumie mtu. Anaweza kufuta neno moja na nyumba arobaini zikalala njaa. Usimtazame anayebadilisha, Mwinyimvua. Mtazame anayetegemea. Uliza, nani anategemea? Ukishapata jibu, namba itajiandika yenyewe." Alikuwa na kanuni nyingine moja tu: namba iliyokwisha kutolewa haifutwi, wala haipewi toleo jingine. Namba ni ahadi, alisema, na ahadi haiazimwi.

Basi mimi nikaenda nikafanya nini? Nikaandika viraka. Kiraka baada ya kiraka, kila siku ya Mungu, kwa sababu Mkaa Kiti, mkuu wetu, hakutaka kuona kipande cha kwanza kikitikisika. Namba nne ilikuwa imechongwa kwenye mgongo wa kiti chake. Nne ni enzi yake, nne ni uthabiti, nne ni amani, ndivyo tulivyoimba. Soko likahamishwa: kiraka. Mto ukageuzwa uelekee alikokuwa na mashamba: kiraka. Jumatano ikaondolewa: kiraka, ati hakuna aliyeitumia. Hata nyongeza hatukuandika, maana nyongeza huwafanya watu wainue macho waone kuna nini kipya, na macho yakishainuka huona mengi. Funika kombe mwanaharamu apite. Mpaka siku ninayoisimulia namba yetu ilikuwa 4.0.6212, na mlolongo wa namba hizo ulikuwa umeuzunguka ukuta karibu wote. Vazi zima lilikuwa viraka vitupu, lile gauni lenyewe limeshapotea zamani, na bado tuliapa kwamba ni gauni lilelile.

Kila kiraka kilitubadilisha kidogo. Mtu alilala na pua hii akaamka na ile. Nilimwoa Mwanaheri akiwa mwembamba mwenye mwanya. Miaka ikapita, mwanya ukaziba, macho yakabadilika rangi, kimo kikapungua kikaongezeka, na mimi sikushangaa kwa kuwa hata mkono wangu niliomshikia haukuwa ule wa harusi. Katika Mji wetu hatujuani kwa sura. Sura ni ya mafundi. Tunajuana kwa hodi. Mtu akifika mlangoni hupiga hodi, aliye ndani huitikia karibu, na katika maneno hayo mawili kila mmoja humtambua mwenziwe bila kosa. Hilo peke yake halikuwahi kuguswa tangu 4.0.0.

Na Mwanaheri, jamani, alikuwa na hodi yake! Aliivuta silabi ya mwisho, kisha akakohoa kidogo, kama anayeomba radhi kwa kuwa na sauti. Halafu alikuwa na kichaa chake: hakuwahi kuingia hata nyumbani kwake mwenyewe bila kupiga hodi na kusubiri karibu. Nilimtania sana. "Mke wangu, hivi unakuja kukopa chumvi?" Naye hunijibu, "Nyumba nayo ina heshima yake, Mwinyimvua. Siku nitakayoingia bila kukaribishwa ujue nimekuwa mwizi." Akipiga mara tatu bila kujibiwa, huondoka zake, hata kama mlango uko wazi na chungu kinachemka. Desturi ni desturi.

Wiki ya siku hiyo ninayoisimulia hakuwapo. Alikwenda kwao, kwenye mashamba ya chumvi ng'ambo ya tambarare, kumzika kaka yake, na alikuwa arejee kesho yake adhuhuri. Siku nilipoletewa orodha nilikuwa nimeshafagia nyumba na kumtafutia samaki anaowapenda.

Orodha ililetwa na Karani Tindwa, mtu mpole kupita kiasi, ambaye huwa anasugua viganja kabla ya kutoa habari mbaya.

"Mzee Mwinyimvua," akasema, "leo kuna kitu kidogo tu. Kiraka. Mkuu anasema uandike sita elfu mia mbili na kumi na tatu, kisha ukapumzike."

Nikaisoma ile karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja. *Kuondoa hodi na karibu. Kuanzia toleo hili watu watatambuana kwa namba watakazopewa ofisini.*

Nani anategemea? Swali lile la Bi Siwatu, ambalo nilikuwa nimelizika kwa miaka, lilifufuka. Nani anategemea hodi? Wote! Na miongoni mwa hao wote, mwanamke mmoja aliye njiani, mwenye bweta la nguo kichwani, ambaye hajapewa namba yoyote, atakayefika kesho adhuhuri na neno moja tu la kumjulisha kwangu na la kunijulisha kwake.

"Tindwa," nikamwambia, "hiki si kiraka."

Akasugua viganja. "Mimi naleta tu, mzee wangu."

Nikaenda mwenyewe kwa Mkaa Kiti. Alikuwa ameketi kama kawaida yake; wengine husema hajainuka tangu aketi, kwamba miguu yake na ya kiti sasa ni kitu kimoja. Ukumbi ulikuwa mweupe, hauna kona, na kila ulichosema ndani yake kilikurudia kimepungua maneno. Nilimwamkia, nikamweleza: mabadiliko haya yanavunja. Namba ya haki ni 5.0.0. Watu wapewe siku saba. Walio safarini warudi. Watu wafungane vitambaa.

"Na mimi niinuke," akasema.

"Na wewe uinuke, Mheshimiwa. Ndivyo desturi ilivyo."

Alicheka bila kufungua kinywa. "Mwinyimvua, ukiwaambia watu kwamba kitu kimevunjika, watalia. Ukiwaambia kimezibwa, watashukuru. Kitu ni kilekile. Mimi nawachagulia shukrani. Je, huo ni ubaya?"

"Mheshimiwa, mke wangu yuko njiani."

"Mpe pole kwa msiba," akasema. "Sita elfu mia mbili na kumi na tatu. Nenda."

Nilichukua ndoo na brashi nikatoka. Ilikuwa karibu saa sita ya mchana, jua kali, na kivuli cha ukuta kilikuwa chembamba kama uzi. Kabla ya kuandika, desturi ilinitaka niuzunguke ukuta wote, kuanzia namba ya kwanza hadi ya mwisho, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Mbele ya kila namba alisimama mtu mwenye brashi. Nilipomkaribia wa kwanza nikamwona ni mimi. Mimi wa siku ile, na uso wa siku ile, viatu vya siku ile, anaandika. Na baada yake mwingine. Na mwingine. Elfu sita na kitu, foleni isiyokatika, wote wamenipa mgongo, wote wanaandika kwa bidii kama watoto wa shule.

Nikamgusa bega mmoja. 4.0.17. Umefanya nini hapa? *Nimehamisha soko. Kidogo tu.* Nani alitegemea? *Sikuuliza.*

4.0.640. Na wewe? *Mto.* Nani alitegemea? *Waliohama hawakulalamika. Walikuwa wameshahama.*

4.0.1188. Huyu alikuwa anapiga mluzi. *Nimesafisha kalenda,* akasema. *Kulikuwa na siku zisizotumika, zimekaa bure, zinajaza nafasi. Bi Siwatu kauliza nani anazitegemea. Nikamwambia hakuna. Kweli hakuna! Tazama mwenyewe.* Nilitaka kumuuliza ni siku zipi, lakini rangi ilikuwa inaanza kuganda ndooni na mimi nina haraka. Nikampita.

4.0.2207. Huyu hakuwa anaandika. Alikuwa amekwisha, ameegemeza paji la uso ukutani. Nilimjua bila kumuuliza. Orodha ya siku ile ilisema, *Kuondoa kiti kisichohitajika katika ofisi ya namba.* Kiraka. Kesho yake Bi Siwatu alikuja kazini, akapiga hodi, nikamkaribisha, akaingia, akatazama pale kilipokuwa kiti chake. Alisimama mpaka adhuhuri. Kisha akatoka, na sijamwona tena. *Ningefanya nini?* yule wa 2207 akaniuliza, mdomo umebanwa na ukuta. *Wewe niambie, wewe uliyeko mbele. Ningefanya nini?* Niliona haya, wallahi. Mtu kuulizwa na nafsi yake na akakosa jibu, kuna fedheha gani zaidi ya hiyo?

Mtu ni toleo lipi la nafsi yake? Nilikuwa najiambia mimi ni Mwinyimvua, yuleyule, mwenye kasoro zilizozibwa hapa na pale. Mficha uchi hazai. Ukweli ni kwamba pale 2207 nilivunjika, na kila aliyenitegemea kuanzia siku ile alikuwa anaegemea ukuta ambao haupo. Mtu akijivunja na akajiita kiraka, hawezi hata kujiomboleza, kwa kuwa kwenye hesabu zake hakuna aliyekufa.

Nilifika mwisho wa namba nikasimama. Ukuta ulikuwa umekwisha. Mduara ulikuwa umefunga: baada ya 4.0.6212 ilibaki nafasi ndogo, kisha ikafuata ile namba ya kwanza kabisa, 4.0.0, iliyoandikwa kwa mwandiko mnene wa Bi Siwatu. Nafasi yenyewe ingetosha tarakimu tatu tu. Ili kuandika 4.0.6213 ingenibidi nifute namba yake. Ala! Nilicheka peke yangu pale juani kama mwendawazimu. Ukuta ulikuwa umenichagulia.

Nikachovya brashi. Nikaandika tano. Nukta. Sifuri. Nukta. Sifuri. Nilijisikia mwepesi, kijana, msafi, mtu ambaye hatimaye amesema kweli hadharani. Nikageuka nikipaza sauti, "Mvunjo! Enyi watu, mvunjo! Tano! Mna siku saba!" Watu walikuwa wakipita na vikapu vyao. Mmoja aliinua macho, mama mmoja aliyebeba mchicha. Akaitazama namba. "Rangi nzuri leo," akasema, akaenda zake. Wengine hawakuinua macho kabisa. Mambo elfu sita tumewaambia ni madogo; nani sasa angejua kubwa likoje? Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Karani Tindwa akanijia pale ukutani, mpole vilevile, akanirudisha ukumbini.

Nilitegemea ghadhabu. Nilimkuta Mkaa Kiti anatabasamu, na seremala amechuchumaa nyuma ya kiti, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Alikuwa anachonga tano.

"Unajua, Mwinyimvua," akasema Mkaa Kiti, "mimi nawe wote tulikuwa wajinga. Miaka yote hii nimeiogopa hiyo tano kama mtoto anavyoogopa sindano. Leo ulipoiandika moyo ulinisimama. Nikamwambia Tindwa, haya, nisomee sheria, niinuke saa ngapi? Tindwa akatafuta. Msomee."

Tindwa akasugua viganja, akasoma. "Kipengele cha kuinuka kiliondolewa katika 4.0.3050, kwa kuwa hakijawahi kutumika. Siku saba za maandalizi ziliondolewa katika 4.0.1188. Siku zisizotumika." Akakunja karatasi. "Ni mwandiko wako, mzee wangu."

Nilisikia mluzi. Yule wa 1188, anapiga mluzi, anasafisha kalenda.

"Kwa hiyo linaanza lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Rangi ikikauka," akasema Mkaa Kiti. "Na jua la leo, ashukuriwe Mungu, ni kali."

Nilikimbia. Mtu mzima mimi, nilikimbia njia nzima mpaka ukutani, nikaibandika mikono yangu kwenye ile tano nikitaraji kuikuta mbichi. Ilikuwa imekauka. Viganja vyangu vilirudi safi.

Usiku ule sikulala, na sitausimulia. Asubuhi nilikwenda ofisini nikapanga foleni, nikapewa namba yangu kwenye kipande cha bati. Nikaomba na ya Mwanaheri. Wakaniambia sharti aje mwenyewe, na akija sharti athibitishwe na mwenye namba anayemtambua. Nikasema mimi namtambua. Wakauliza, kwa lipi? Nikafungua kinywa niwapigie hodi kama anavyopiga yeye, na lile neno halikutoka. Lilikuwapo kichwani, nililiona, lakini kinywa hakikuwa na njia ya kulitoa.

Nikarudi nyumbani nikafungua mlango wazi, nikaufunga kwa kamba usije ukajirudi. Nikaweka kigoda changu katikati ya mlango. Nikajiambia, akija ataniona, na mtu akimwona mumewe mlangoni ataingia, desturi au si desturi. Samaki walikuwa jikoni. Nilingoja.

Alikuja adhuhuri kamili. Sura ilikuwa nyingine. Nyusi nene, kidevu nisichokijua. Lakini ni nani mwingine angesimama mbele ya mlango uliofunguliwa wazi, atue bweta, ajirekebishe kanga, kisha anyooshe shingo namna ile? Midomo yake ilifunguka. Haikutoka sauti. Kisha akakohoa kidogo, na kikohozi kile nilikisikia, ee Mola wangu, nilikisikia! Nikaruka kutoka kwenye kigoda nikaita karibu, nikaita kwa nguvu zangu zote, na hakikutoka kitu. Akasubiri. Macho yake yalinipita kama yanavyopita mhimili wa nyumba. Akafungua midomo tena, akakohoa. Mara ya tatu alikohoa taratibu zaidi, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kisha akainama kuchukua bweta lake.

Nikatoka nje nikamshika mkono. Hakuuvuta. Alinitazama kwa adabu.

"Samahani, bwana," akasema. "Wewe ni jirani? Unamjua mwenye nyumba hii?"

"Mwanaheri," nikasema.

"Umejuaje jina langu? Amekuambia yeye?" Uso wake ulifurahi. "Basi hayuko mbali. Nimemletea chumvi ya mawe, hapendi ya dukani. Kwa kawaida mlango usiponijibu mara tatu naondoka, lakini leo nimechoka, baba, nimetoka mazikoni. Nitakaa hapa barazani kidogo. Yeye hachelewi."

Akaketi. Nami nikaketi kando yake. Ningemwambia nini? Mimi ndiye? Kila mwongo angeweza kusema hivyo, na yeye si mwanamke wa kuingia kwa asiyemkaribisha. Alinihadithia habari za mazishi. Alinihadithia habari za mumewe, mtu wa hasira za moshi, zinazopanda na kupotea, alisema, anayemtania kila siku juu ya chumvi ya kukopa. "Ni mtu mwaminifu," akasema. "Ana kazi kubwa serikalini. Yeye ndiye anayetuambia mambo yakiharibika." Nililia waziwazi. Akadhani ni msiba wangu mwenyewe, akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

Tulikuwa tungali tumeketi hivyo Karani Tindwa alipokuja na ndoo, brashi na karatasi. Hakushangaa kunikuta nje.

"Mzee Mwinyimvua," akasema akisugua viganja, "tumeanza vizuri enzi ya tano. Kuna kitu kidogo tu. Kiraka cha kwanza, tano nukta sifuri nukta moja. Barazani kote kumejaa watu, wamekaa wanasubiri milango iwaitike. Wanaleta picha mbaya." Akanipa karatasi. *Kuondoa wanaosubiri.*

Nikaisoma mara mbili. Kisha nikamtazama Mwanaheri, aliyekuwa anafungua kifundo cha chumvi aone kama haikulowa njiani. Nani anategemea? Bi Siwatu, nimekusikia. Nimechelewa, lakini nimekusikia.

"Rangi ni nyingi?" nikamuuliza Tindwa.

"Inatosha kiraka."

"Ukutani hakuna nafasi tena," nikasema. "Nitaandika hapa."

Nikachovya brashi, nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, nikaandika juu ya ubao wake kwa tarakimu kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika: 6.0.0. Tindwa aliacha kusugua viganja. "Mzee wangu," akasema polepole, "haibadilishi kitu. Litaanza tu."

"Najua. Lakini halitaitwa kiraka."

Akaokota ndoo yake akaondoka kwa haraka, kwa mara ya kwanza bila kuaga.

"Ni nini hicho umeandika mlangoni kwa watu?" akauliza Mwanaheri. "Mwenyewe atakasirika."

"Ni mvunjo, mama. Mvunjo wa kweli. Kuna kitu tunakitegemea ambacho muda si mrefu hakitakuwapo."

Hakucheka, wala hakuniambia rangi nzuri. Aliitazama ile sita, midomo ikisogea, kama mtu anayekumbuka alichofunzwa na bibi yake. Kisha akaipasua kanga yake pembeni, akatoa kitambaa kirefu chembamba, akauzungushia mkono wake upande mmoja, na ule mwingine akaninyooshea mimi, mgeni wa barazani, jirani asiyemjua.

"Basi funga," akasema. "Tuna siku ngapi?"

Nilifunga fundo. Nilifunga jingine juu yake. Jua lilikuwa limeufikia mlango.

"Mpaka rangi ikauke," nikamwambia.